Ngoja, Uzi

4 Februari

Mpwa wangu Kasuku,

Salamu nyingi. Zikikukuta umekalia kile kiti chako cha kuzunguka huko studio, unazunguka badala ya kufanya kazi, zipokee hivyo hivyo. Huku tu wazima. Mama yako goti linamsumbua, lakini ulimi wake hauna maradhi. Tangu ahamie kwangu baada ya msiba wa mke wangu hatujapitisha siku bila kugombea redio: yeye anataka taarifa ya habari, mimi nataka muziki. Jana betri zilikwisha katikati ya ugomvi, tukapatana kwa kukosa cha kugombea.

Sasa tuje kwenye shauri letu. Tulikubaliana kwamba simu ni ya kujuliana hali na muziki ni wa barua, kwa sababu muziki unataka mtu afikiri kabla ya kusema. Mwezi huu nimempata mpiga gita anayejiita Kidole Juha. Kidole chake cha mwisho hakikunjiki, basi kila anapofika mahali ambapo wengine wangekitumia, anaruka, na ule mruko ndio utamu wenyewe. Ukimsikiliza usifuate gita la kwanza. La kwanza linajisifu tu. La pili ndilo linalobeba mzigo. Nawe niambie, unasikiliza nini siku hizi?

Na kanda yetu imefikia wapi? Ulipokuja likizo ulisema inakwaruza, ukaniomba nikuazime uende nayo studio ukaisafishe. Nilikupa kwa mkono wangu, ingawa sina nyingine. Sikukumbushi kwa kutokuamini. Nakukumbusha kwa sababu mimi ni mzee, na wazee hukumbusha. Unajua Bi Cherehani alivyokuwa. Mke wangu yule aliimba akiwa peke yake na mashine yake. Mteja akigonga mlango alinyamaza, akabaki na pini midomoni kana kwamba hajawahi kufungua kinywa tangu azaliwe. Siku aliponiruhusu kumrekodi alitoa sharti moja: "Rekodi, lakini hii ni ya humu ndani." Nami nimekuhesabu wewe kuwa wa humu ndani.

Ni mimi,
Mjomba wako.


1 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenikuta kwenye kiti, nazunguka. Sijui una macho ya namna gani. Mpe mama pole ya goti, na umwambie ile dawa ya kuchua inachuliwa, haiwekwi kabatini kama pambo. Mimi mzima. Studio yetu ni chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa masponji hadi dari, na mchana na usiku humo ndani ni ndugu mapacha. Mkuu wetu anataka wimbo wa kutikisa mji kabla ya katikati ya mwaka, na anatutazama sisi mafundi sauti kama vile nyimbo tunazificha mifukoni.

Kidole Juha nimemsikiliza. Umesema kweli kuhusu gita la pili, na nimekuchukia kidogo, maana sasa la kwanza silisikii tena. Mimi ninao wawili. Kuna kwaya ya wauguzi wa zamu. Wanaimba taratibu kama watu wasiotaka kumwamsha mgonjwa. Halafu kuna dada mmoja anajiita Binti Ukungu, anarekodi hapa hapa kwetu. Sauti yake ni ya mtu anayekuambia siri huku anafunga mlango. Anapumua kabla ya neno muhimu, si baada yake, kwa hiyo unamsubiri bila kujua kwamba unasubiri. Bado hajapata wimbo unaomfaa. Akiupata, mjomba, utanikumbuka.

Kanda ipo, usijali.

Mpwa wako mtiifu, siku za kazi tu,
Kasuku.


22 Machi

Kasuku,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mama yako amejichua kwa hasira, akisema amepata mtoto ili amtume, si ili atumwe. Mvua imepita, na paa la chumba cha cherehani limevuja pembeni, lakini mashine nimeifunika.

Wauguzi wamenipendeza. Wanajua kwamba kuimba chini kunachosha kuliko kuimba juu. Huyo Binti Ukungu sijamsikia, ila kwa jinsi ulivyomweleza natamani.

Vumilia sasa nikueleze jambo, maana mwalimu wa sarufi hata akistaafu hastaafu. Lugha yetu ina maneno mawili mahali ambapo nyingine zina moja. Ukikopa unga, unarudisha unga mwingine na hakuna anayelalamika, kwa sababu ule wa kwanza umeliwa. Ukiazima sufuria, unarudisha sufuria ile ile, na masizi yake. Wewe uliniomba nikuazime. Nakueleza haya kwa sababu Binti Ukungu amepata nusu ya barua yako, na kanda imepata maneno matatu.

Huenda sikuwahi kukusimulia ule wimbo ulitoka wapi. Shati la kwanza alilonishonea, kabla hajawa mke wangu, aliona haya kunipima. Akanitazama tu nikipita, akakata kitambaa. Likanibana kwapani, nami nikaona haya kusema. Nililivaa mwaka mzima nikitembea mabega juu, watu wakadhani nina majivuno. Alipokuja kujua alicheka hadi akakaa chini, kisha akatunga:

Nimekupima kwa jicho, kamba sikuitumia,
Pakibana niambie, mshono nitaachia.

Katika kanda, akifika kwenye "mshono", uzi unakatika. Mashine inasimama. Anasema, "Ngoja, uzi." Haniambii mimi, anauambia wimbo. Anatunga uzi sindanoni, anakanyaga tena, ndipo anamalizia: "nitaachia." Ninakaa chumba kile jioni nikijaribu kukumbuka ule unyamavu ulikuwa na urefu gani, na siupati. Nirudishie hata kama bado inakwaruza.

Mjomba.


30 Mei

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kimya. Si kwamba nimekusahau, ni mambo yamekuwa mengi. Natumaini goti la mama limetulia na paa limezibwa. Nina habari njema: nimepandishwa. Sasa mimi ndiye mkuu wa sauti, na kile kiti cha kuzunguka kimebadilishwa, nimepewa chenye mikono.

Nikuambie ninachosikiliza. Nimerudia wale wauguzi, wana wimbo mpya wa kubembeleza ambao hauna maneno hata moja. Nimempata na mzee mmoja anayepiga filimbi ya bomba la maji. Ana wivu na kila mtu mwenye filimbi halisi na unausikia wivu huo, mtamu sana. Kuna pia vijana wawili wanaopiga ngoma kwa viti vya plastiki. Wewe je, Kidole Juha ametoa kingine?

Redio nakushauri usiihangaikie. Siku hizi wanapiga takataka tupu, utamaliza betri bure. Nitakuandalia mwenyewe nyimbo nzuri nikutumie.

Kile kitu chako kinakuja.

Kasuku.


12 Juni

Kasuku,

Hongera ya cheo. Mama yako amekwisha kuwatangazia majirani, na kile kiti chenye mikono kimekuwa kiti cha enzi kwa jinsi anavyokieleza. Paa limezibwa.

Juzi nilikwenda kwa kinyozi, yule unayemjua, ambaye akikunyoa nusu anakumbuka habari ya kukusimulia. Mashine yake ikakwama. Akaipuliza, akaniambia, "Mzee, ngoja uzi."

Nikamuuliza uzi gani, wakati ananinyoa kwa mashine ya umeme. Akacheka, akasema nimechelewa, mji mzima unasema hivyo sasa. Mwenye duka akikosa chenji anakwambia ngoja uzi. Msichana akichelewa miadi, ngoja uzi. Ni wimbo, akasema, na akautafuta anisikilizishe.

Kasuku, nilijua kabla mtu hajaimba. Lililoanza ni kanyagio. Cherehani ile ina pigo la tatu zito, kwa sababu mke wangu alikuwa na mguu mmoja mvivu, naye aliusukuma kwa nguvu zaidi ili usibaki nyuma. Wameliweka hapo kama ngoma. Halafu ikaja sauti ya mwanamke mwingine, nzuri, siwezi kusema uongo, inapumua kabla ya neno muhimu kama ulivyoniandikia. Ikafika kwenye "mshono". Kila kitu kikasimama. Akasema, "Ngoja, uzi."

Kinyozi akaniambia hapo ndipo penye ufundi; mtunzi hodari ni yule anayejua mahali pa kunyamaza. Nilitoka na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Mama yako aliponiona alianza kucheka, kisha akaona uso, akaacha.

Sikuhukumu. Nilifundisha watoto kwamba sentensi haisahihishwi kabla ya nukta. Andika, ninasubiri nukta yako.

Mjomba.


3 Julai

Mjomba, shikamoo.

Natumaini nywele zimeota. Mama amenipigia simu, hakusema mengi.

Naomba unielewe. Kanda ilikuwa inasafishwa, na ili isafishwe ni lazima ipigwe. Ikasikika chumba cha pili. Binti Ukungu alikuwepo, ikapendwa. Ikarekodiwa kwa majaribio tu, si kwa nia ya kutolewa. Basi mambo ya studio unayajua, ikapelekwa kwa mkuu, ikatoka kabla sijajua nini kimeamuliwa. Wasanii wakubwa ndivyo walivyo, wakishapenda kitu huwezi kuwanyang'anya.

Lakini na wewe jiulize, ni vibaya kiasi gani watu kumpenda? Sauti yake ilikuwa inafia kabatini. Hakuna aliyejua kwamba mke wako alikuwa mtunzi. Leo watu wanaimba maneno yake wakiosha vyombo. Mimi ningekuwa wewe ningejivuna.

Kasuku.


25 Julai

Kasuku,

Nywele zimeota. Kinyozi alikuja mwenyewe nyumbani kumalizia upande wa pili, akidhani nilikasirishwa na huduma yake.

Barua yako nimeisoma kama nilivyokuwa nikisoma madaftari. Kanda ilisafishwa, ikapigwa, ikapendwa, ikarekodiwa, ikapelekwa. Nilikufundisha kauli ya kutendwa ukiwa umekaa mapajani mwangu, na nilikuambia kazi yake: hutumika tusipomjua mtenda, au tusipotaka ajulikane. Nimesoma mstari kwa mstari nikimtafuta mtenda. Mmoja tu uliyemtaja kwa jina ni Binti Ukungu.

Hata hivyo nilikuwa tayari kukuamini. Nilimwambia mama yako kwamba vijana husukumwa. Siku ile ile mchana tulikuwa tumekaa, nimemwachia redio asikilize taarifa yake ya habari, na kabla ya habari pakawa na mazungumzo na Binti Ukungu. Mtangazaji akamuuliza wimbo ameupata wapi. Mwenzako alijibu vizuri. Alisema si wake, hajui hata kushona, amepewa na fundi wake wa sauti ukiwa umekamilika, na fundi huyo yuko naye hapo hapo.

Tukakusikia. Sauti yako ilikuwa na raha. Ulisema ulikuwa nyumbani unashona, uzi ukakatika, na wimbo ukakujia.

Wewe, Kasuku. Wewe ambaye kifungo kikidondoka unabana kwa pini na kuvaa sweta juu yake wakati wa jua kali. Bi Cherehani alikaa likizo nzima akikufundisha kutunga uzi sindanoni, ukaishia kuilamba sindano. Kama ungeutunga uzi kama ulivyoutunga uongo huo, ungekuwa fundi mkubwa leo.

Mama yako aliizima redio. Hakutaka hata hiyo habari aliyoisubiri. Alikaa akitazama mlango wa chumba cha cherehani, kisha akaniambia, "Kaka, huyu nimemzaa mimi." Nikashindwa kujua anakutetea au ananiomba radhi, na sikuuliza.

Tulikuita Kasuku kwa sababu ulipokuwa mdogo ulirudia kila wimbo uliousikia. Lakini kasuku, mpwa wangu, husema ya wengine na hajawahi kudai kwamba ndiye aliyeyatunga. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilishonewa na marehemu.

Sina la kukuomba ila kanda. Unyamavu ule alinyamaza kwa ajili yangu. Ninautaka.

Mjomba.


18 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Niliiba. Hicho ni kitenzi chenye mtenda. Mkuu aliniambia nisipoleta wimbo nitafute studio nyingine. Nilikuwa nimevaa vipokea sauti, namsikiliza Bi Cherehani, na nikamwona mkuu kupitia kioo ananitazama. Nikavua nikampa avae yeye. Hakuna aliyenisukuma. Binti Ukungu alidhani ni wimbo wangu kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Kule redioni nilikusudia kumtaja marehemu. Mtangazaji akauliza, "Kwa hiyo umeutunga mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Baada ya ndiyo, yale mengine yalikuja yenyewe.

Ukinipa ruhusa nitarudi redioni nimtaje kwa jina lake kamili, watu wajue.

Kanda imo humu. Nimekaa nayo wiki nzima nikiisafisha kwa uwezo wangu wote, sasa haikwaruzi hata kidogo. Kelele zote nimeziondoa. Ile safi nimeirekodi juu ya kanda yenyewe, ili upate kitu kimoja kizuri, usihangaike na viwili. Nakala ya ile ya mwanzo hatukuihifadhi studio. Ni njia pekee niliyoiona ya kukuomba msamaha kwa kazi ninayoijua.

Najua sistahili kuuliza, lakini nimezoea. Unasikiliza nini siku hizi?

Kasuku.


6 Oktoba

Kasuku,

Salamu zako zimefika. Mama yako goti linaendelea vizuri. Mtaalamu wa viungo amemwambia asiliachie likakauka, alikanyagishe kitu kila siku, naye amepata cha kukanyaga chumba cha cherehani. Kinyozi anakusalimu. Paa halivuji.

Kanda imefika. Nilifunga mlango, nikaisikiliza. Ni kweli umeisafisha. Haikwaruzi, na cherehani haimo. Nilimsikia mwanamke anaimba bila kazi mkononi, na mke wangu hakuwahi kuimba bila kazi mkononi. Anafika kwenye "mshono" na kusema, "Ngoja, uzi," lakini kwa kuwa hakuna mashine iliyosimama, mtu hajui anachosubiri ni nini. Kisha anasema "nitaachia", papo hapo. Ule unyamavu nao umeuondoa. Nadhani uliuona kama nafasi tupu.

Sikulaumu kwa hilo kama ninavyokulaumu kwa lile la kwanza. Lile ulilifanya ukijua. Hili ulilifanya kwa upendo, na fundi sauti mzima hukusikia kwamba zile kelele ndizo zilizokuwa gita la pili. Kwa hiyo sasa nikitaka kusikia kanyagio la mke wangu ni lazima niende kwa kinyozi nikakae kwenye foleni, nisikilize wimbo wako. Nimekwenda mara kadhaa. Nywele zenyewe sina tena, na kinyozi ameacha kuniuliza.

Usirudi redioni. Usimtaje. Nimelifikiria kwa muda mrefu, na ndicho kinachoniuma kuliko vyote, kwamba hata ukweli wako hauna pa kwenda. Ukisema wimbo ni wako, umemwibia. Ukisema ni wake, umemtoa nje mara ya pili, safari hii kwa jina. Alitoa sharti moja maisha yake yote.

Ukija likizo, mlango uko wazi. Utamkuta mama yako, utanikuta mimi, utakula utashiba. Wewe ni mtoto wa dada yangu na damu ni nzito kuliko maji. Ila ukiingia utagonga kwanza, kama wateja walivyokuwa wakigonga, utupe nafasi ya kunyamaza.

Unaniuliza ninasikiliza nini siku hizi. Nimepata mpigaji mpya. Hajui sana, pigo lake linachechemea, na kila siku linapofika mahali fulani linasimama, nami nangoja. Nampenda kuliko Kidole Juha.

Jina lake sikutajii. Ni wa humu ndani.

Mjomba wako.